Ataksia za kurithi na utafiti wake: maswali ambayo familia za Dar es Salaam huuliza mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya wagonjwa na ndugu zao walioambiwa na daktari kwamba "huenda ni ataksia ya kurithi", na wale walioombwa damu ya utafiti wakarudi nyumbani na fomu ambayo nusu yake hawakuielewa. Hayachukui nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa. Maswali yamewekwa jinsi yanavyokuja, hayakupangwa kwa uzito.

Baba anapepesuka kama mlevi na hajawahi kugusa pombe. Ndiyo ataksia hiyo?

Inawezekana. Mwenye ataksia ana nguvu za misuli, lakini mwendo wake umepoteza mpangilio. Hatua zinatanuka na kwenda ovyo, mkono unakipita kikombe, maneno yanatoka mazito, macho yanachezacheza anapotazama pembeni. Mara nyingi chanzo kiko kwenye serebelamu, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni inayopima na kurekebisha kila mwendo. Pombe nayo huivuruga sehemu hiyohiyo, ndiyo maana watu huchanganya. Wakati mwingine serebelamu ni nzima, ila uti wa mgongo au mishipa ya fahamu ya miguu haipeleki taarifa za mguu uko wapi. Mgonjwa wa namna hiyo hutembea vizuri kiasi mchana, lakini umeme ukikatika usiku, au akifumba macho kunawa uso, anaanguka. Ukiona hilo mwambie daktari, kwa sababu linampunguzia kazi kubwa.

Mtaani wanasema amerogwa, au ni laana ya ukoo.

Hatugombani na imani ya mtu. Ila ugonjwa unaowapata baba, shangazi na sasa kaka, wote katika umri wa utu uzima, ndio hasa unaomfanya daktari afikirie vinasaba. Yule jirani na daktari wameona kitu kilekile, wametofautiana kwenye sababu. Tunachokataa ni mambo mawili. La kwanza ni kuacha dawa za hospitali ili "za kienyeji zifanye kazi". La pili ni kumtwisha lawama mke aliyeolewa kutoka ukoo mwingine. Vinasaba hutoka kwa baba na kwa mama, na hakuna aliyechagua alichopitisha.

Kwa hiyo kila anayepepesuka ana ugonjwa wa kurithi?

Hapana, na hapa tunaomba msome taratibu. Kabla ya kutaja vinasaba, daktari anatakiwa aondoe sababu nyingine, hasa zile zenye tiba. Kiharusi cha ubongo wa nyuma huanza ghafla, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Uvimbe kisogoni, hasa kwa watoto, huja na kichwa kuuma na kutapika asubuhi. VVU na kaswende vinaweza kugusa mfumo wa fahamu. Upungufu wa vitamini B12 huharibu uti wa mgongo, na tezi ya shingo ikilegea nayo huleta kuyumba.

Kisha kuna dawa. Fenitoini, inayotumiwa na wagonjwa wengi wa kifafa, ikizidi kwenye damu humfanya mtu apepesuke, na ikizidi kwa muda mrefu serebelamu inaweza kusinyaa. Metronidazo, ambayo wengi wanaiita Flagyl na kujinunulia duka la dawa kila tumbo linapokoroga, ikitumiwa kwa dozi kubwa au kwa muda mrefu inaweza kuleta hali hiyohiyo, na mara nyingi hutulia mgonjwa akiiacha. Beba pakiti za dawa zote unazomeza, hata ile unayoona haina maana.

Tanzania ina mfano wake wa ugonjwa unaoonekana kama wa ukoo na kumbe sio. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walipatwa ghafla na miguu iliyokakamaa. Ulikuwa konzo, ugonjwa unaotokana na kula muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa vya kutosha, huku mlo ukikosa protini. Baadaye ulionekana Mtwara pia. Nyumba moja ilikuwa ikitoa mgonjwa zaidi ya mmoja, kwa sababu walikula chungu kimoja. Konzo hukakamaza miguu bila kuvuruga mpangilio wa mwendo, na haizidi mwaka hadi mwaka kama ataksia za kurithi. Lakini funzo lake kwa mtafiti ni kubwa: wagonjwa kukusanyika kwenye familia moja hakutoshi kusema wamerithi.

Basi kurithi kwenyewe kunakwendaje?

Kuna njia mbili kuu. Katika njia ya kwanza, nakala moja ya jeni yenye kasoro, kutoka kwa mzazi mmoja, inatosha kuleta ugonjwa. Kila mtoto wa mzazi huyo ana uwezekano wa asilimia 50, awe wa kiume au wa kike, na matokeo ya kaka yake hayambadilishii hesabu. Ataksia zinazoandikwa SCA na kupewa namba, SCA1, SCA2, SCA3 na kuendelea, zinakwenda hivyo.

Njia ya pili wengi wenu mnaifahamu kupitia selimundu. Wazazi wote wawili wamebeba nakala moja yenye kasoro bila kuumwa, na mtoto aliyezipata zote mbili ndiye anayeugua. Uwezekano ni asilimia 25 kwa kila mimba. Hapa hakuna mgonjwa kwenye vizazi vya nyuma, na familia husema kwa uhakika kabisa, "kwetu ugonjwa huu haupo." Kuoana mtoto wa mjomba na wa shangazi, jambo la kawaida katika baadhi ya jamii za pwani na za asili ya Asia hapa mjini, huongeza nafasi ya wazazi wote kubeba kasoro ileile. Ataksia ya Friedreich, iliyoelezwa na daktari Mjerumani Nikolaus Friedreich mwaka 1863, ni ya kundi hili. Huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya, Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na Bara Hindi, na ni nadra kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara.

Mbona mtoto ameanza kuumwa mapema kuliko baba yake?

Sababu ni marudio. Kwenye ataksia nyingi za SCA, kasoro ni kipande kifupi cha maandishi ya jeni, herufi CAG, kinachojirudia kupita kiasi, kama konda anayeita "Kariakoo Kariakoo Kariakoo" bila kupumua. Kila mtu ana marudio hayo. Yakivuka kiwango fulani, protini inayotengenezwa inaharibika na seli za neva zinaumia taratibu. Huntington, ugonjwa wa kuchezacheza viungo unaokwenda kwa mtindo huohuo, una mpaka unaoeleweka: mwenye marudio 40 au zaidi ataugua akiishi miaka ya kutosha.

Shida ni kwamba kipande hicho si imara. Kinapopita kwa mtoto, hasa kutoka kwa baba, kinaweza kurefuka, na kikirefuka ugonjwa huja mapema na kwa ukali zaidi. SCA7 ndiyo kali kwa hili. Imetokea mtoto akaugua kabla mzazi aliyempitishia hajaonyesha dalili hata moja.

Ni aina gani zinazoonekana Afrika?

Dunia nzima, SCA3 ndiyo inayotajwa zaidi. Kusini mwa Afrika picha ni tofauti. Afrika Kusini, SCA1 na SCA7 zina nafasi kubwa, na familia za Waafrika weusi wenye SCA7 kule zimeonekana kuwa na chimbuko moja la kale. SCA7 imeripotiwa Zambia pia. Dalili yake ya pekee ni macho. Mgonjwa huanza kuchanganya rangi, kisha uoni wa katikati unafifia, na wakati mwingine anahangaika na miwani miaka kadhaa kabla mtu hajauliza kuhusu mwendo. Kwenye ukoo wenu wakiwepo wanaoyumba na wanaopofuka, sema yote mawili kwa pamoja.

Ugonjwa mwingine unaofanana na Huntington, unaoitwa HDL2, jeni yake ilipatikana mwaka 2001, na wagonjwa wake karibu wote duniani wana asili ya Afrika. Mgonjwa Mwafrika anaweza kuwa na dalili zote za Huntington, kipimo cha Huntington kikatoka safi, na akaambiwa si ugonjwa wa kurithi wakati HDL2 haikupimwa kabisa.

Tulipeleka damu India, majibu yakasema hakuna tatizo. Tufunge faili?

Msifunge. Kwanza angalieni kilichopimwa. Vipimo vingi vinavyosoma jeni nyingi kwa mkupuo husoma herufi vizuri lakini havihesabu marudio marefu, na kwenye ataksia marudio ndiyo wahalifu wakubwa. Muulize daktari swali moja: je, marudio yalihesabiwa, na kwenye jeni zipi?

Pili, orodha yenyewe inaongezeka. Marudio kwenye jeni RFC1, yanayoleta kuyumba pamoja na ganzi na kikohozi kikavu cha miaka, yaligunduliwa mwaka 2019. Yale ya FGF14, yanayoitwa SCA27B na kuwapata zaidi watu wa makamo na wazee, yalitangazwa kipindi cha kuingia 2023. Aliyepimwa mwaka 2015 hakupimwa hayo, maabara iwe nzuri namna gani. Tatu, orodha hizo zilijengwa kwa kiasi kikubwa kutokana na familia za Ulaya na Marekani. Majibu safi kwa mgonjwa wa Temeke yana uzito mdogo kuliko majibu safi kwa mgonjwa wa London, na kwa maoni yetu hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kufanya utafiti huu hapa nyumbani.

Parkinson nayo imo?

Ni ugonjwa wa mwendo, lakini si ataksia. Mgonjwa wa Parkinson anakuwa mzito, anakakamaa, na mkono hutetemeka ukiwa umepumzika. Mwenye ataksia hutetemeka anaponyoosha mkono kuchukua kitu. Tunaitaja kwa sababu ya tafiti mbili. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita kijiji kwa kijiji kuwatafuta wagonjwa, na wengi waliowapata walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Na mwaka 2023 utafiti ulioanzia kwa wagonjwa wa Nigeria ulionyesha badiliko kwenye jeni GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wa asili ya Afrika, badiliko ambalo miaka ya kuwapima Wazungu haikuliona.

Nikikubali, ninatibiwa au ninachunguzwa?

Unachunguzwa. Tunalirudia hili hata pale linapokatisha tamaa, kwa sababu fomu huzungumza kwa upole kiasi kwamba mtu anaweza kutoka akiamini ameanza dawa.

Utafiti mwingi wa ataksia ni wa kufuatilia. Unapimwa leo, unapimwa tena mwaka ujao. Kipimo kinachotumika zaidi kinaitwa SARA, kilichochapishwa mwaka 2006. Kina majaribio 8: kutembea, kusimama, kukaa, kuongea, kufuata kidole cha mpimaji, kugusa pua, kugeuzageuza viganja haraka, na kuteleza kisigino juu ya muundi. Alama ni 0 hadi 40, na 0 ndiyo mzima. SCA1 hupanda kwa takriban pointi 2 kwa mwaka, SCA6 kwa chini ya pointi 1. Sasa fikiria mtu anayejaribu dawa ya kupunguza mwendo wa SCA6. Asipojua kasi hiyo, atawezaje kusema dawa imesaidia? Ndiyo maana ufuatiliaji unaoonekana wa kuchosha ndio msingi wa majaribio ya dawa yatakayokuja.

Damu yangu inakwenda wapi?

Uliza, na udai jibu la maandishi. Utafiti wa afya unaofanyika nchini lazima upate kibali cha maadili kinachotolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na vyuo kama Muhimbili vina kamati zao za maadili pia. Ikiwa ni jaribio la dawa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, nayo inahusika. Sampuli ikivuka mpaka, kunatakiwa mkataba wa kuihamisha unaosema inakwenda maabara gani na kwa kazi gani. Taarifa za vinasaba ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Fomu iwe ya Kiswahili. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi wake mwenyewe, asiyetoka kwenye timu ya watafiti. Unaweza kujitoa siku yoyote bila matibabu yako ya kawaida kuguswa. Mtu akikuomba *ulipie* kuingia kwenye utafiti, ondoka.

DNA si ndiyo ile ya Mkemia Mkuu? Itajulikana kama mtoto si wa baba yake?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, kwa kawaida na mama, wengine wakishatoka chumbani. Vipimo vya uzazi wa mtoto vina utaratibu wao wa kisheria, chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Utafiti wa ataksia hautafuti jambo hilo. Hata hivyo, ukilinganisha vinasaba vya wanafamilia, linaweza kujitokeza lenyewe. Utaratibu mzuri ni kwamba watafiti hawalisemi kwa yeyote, na fomu ionyeshe hivyo waziwazi. Isipoonyesha, uliza kabla ya kusaini. Anayeuliza hajakiri chochote.

Sina dalili, ila mama anaumwa. Nipime?

Uamuzi ni wako, si wa mume, si wa kaka mkubwa, si wa mwajiri. Kwa magonjwa yasiyo na tiba ya kuyazuia, kujua mapema kunawasaidia wengine kupanga ndoa, uzazi au kazi, na kunawavunja wengine. Kwenye nchi ambako kipimo cha jeni ya Huntington kimekuwepo tangu 1993, wengi walio kwenye hatari wameamua kutopima. Ukiamua kupima, kuwe na mazungumzo kabla, na mtu wa kukaa nawe siku ya majibu. Tena unaweza kushiriki utafiti bila kutaka kuambiwa majibu yako.

Watoto wasio na dalili hawapimwi magonjwa ya ukubwani yasiyo na tiba. Wazazi hukasirika tukisema hivyo. Mtoto akifika miaka 18 ataamua mwenyewe.

Kuna dawa?

Kwa chache, ndiyo, na kwa sababu ya hizo chache haifai kumwambia mgonjwa "hakuna la kufanya" kabla hajachunguzwa. Kuna ataksia ya kukosa vitamini E, ambayo kwa macho inafanana sana na ya Friedreich. Mwili hauwezi kuitunza vitamini hiyo, na mgonjwa akipewa dozi kubwa maisha yake yote ugonjwa husimama, ilimradi aanze mapema. Kuna ataksia inayokuja kwa vipindi, saa kadhaa kisha inapita, ambayo mara nyingi hutulizwa na asetazolamidi, dawa ya zamani. Kuna nyingine inayotokana na mafuta kujikusanya mwilini, yenye vinundu kwenye kano za kisigino na mtoto wa jicho utotoni, nayo ina dawa yake.

Kwa Friedreich, Marekani iliidhinisha omaveloksoloni Februari 2023, ya kwanza kwa ugonjwa huo, kwa wenye miaka 16 na zaidi. Inapunguza kasi, haiponyi, na kule ilianza kuuzwa kwa takriban dola 370,000 kwa mwaka. Hatuoni faida ya kuificha bei hiyo.

Kwa SCA nyingi bado. Riluzoli ilileta matumaini kwenye utafiti wa Italia mwaka 2015, kisha jaribio la Ufaransa kwa wagonjwa wa SCA2 halikuona faida. Jaribio kubwa la tominerseni, dawa iliyolenga jeni ya Huntington, lilisimamishwa mwaka 2021 kwa kukosa manufaa. Ukisikia mtu Kariakoo anauza "dawa ya vinasaba" kwenye chupa, kumbuka majaribio hayo yalikuwa na mabilioni nyuma yake.

Na mazoezi?

Hapa tuna cha kutoa leo. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2009 uliwapa wagonjwa wa ataksia mazoezi makali ya mizani na mpangilio wa viungo kwa wiki 4, na alama zao za SARA zilishuka, yaani walipata nafuu. Nafuu ilidumu zaidi kwa walioendelea nyumbani. Hayo si masaji. Mgonjwa anafanyishwa kazi iliyo ngumu kidogo kuliko anavyoweza, karibu na ukuta, mtu akiwa pembeni. Idara za mazoezi ya viungo zipo Muhimbili na CCBRT Msasani. Ongezeni mtaalamu wa kumeza chakula pale mgonjwa anapoanza kupaliwa na maji, kwa kuwa chakula kikiingia kwenye mapafu ndicho huua wengi.

Tuanzie wapi, na tubebe nini?

Anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, Amana, Temeke au Mwananyamala, muombe rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mje na picha za MRI au CT zenyewe, si karatasi ya majibu tu. Video fupi ya mgonjwa akitembea miaka miwili iliyopita, hata ya harusini, ina thamani kubwa.

Na mje na ukoo kwenye karatasi: vizazi vitatu, upande wa baba na wa mama, nani aliyumba, alianza na miaka mingapi, nani alipofuka, nani alikufa mdogo na walisema amekufa na nini. Kwa kawaida shangazi mmoja wa kijijini anajua yote hayo. Mpigieni simu kabla ya siku ya kliniki.

Mgonjwa wetu hawezi tena kupanda daladala. Ndiyo basi?

Waambieni watafiti mapema. Nauli ya bajaji au teksi hurudishwa kwenye tafiti nyingi, ila iulizwe kabla, si baada. Lipo pia toleo la SARA linalofanyika nyumbani kwa video ya simu, lenye majaribio machache. Halichukui nafasi ya kuonwa na daktari, lakini linatosha kutomwondoa mgonjwa kwenye hesabu pale anapokuwa amefikia hatua ambayo watafiti wanaijua kidogo kuliko zote.